Kabichi Ishirini za Mwalimu Seok

Wanafunzi wangu wanane walikuwa wamepanga kukosa darasa siku tisa, na serikali inaruhusu nane. Hiyo ndiyo shida yenyewe.

Nina chuo cha kufundisha kubandika karatasi za ukutani, juu ya duka la mbolea, katika mji wetu mdogo wa pwani ya kusini ya Korea. Chuo ni neno kubwa. Ni ukumbi mmoja uliojengewa vijumba vya mbao visivyo na kazi nyingine ila kubandikwa karatasi, kubanduliwa, na kubandikwa tena. Shule niliacha nikiwa na miaka kumi na minne. Kuta nimezibandika miaka thelathini na minane. Kwa hiyo mtu asiniletee maneno ya ufundi, na mimi sitamletea ya vitabu.

Wanafunzi hawalipi kitu. Inalipa serikali, na hesabu yake inatisha tu kwa mtu anayeiona mara ya kwanza. Inahesabu kichwa, kisha inahesabu saa. Kichwa kimoja, saa moja ya karatasi, won elfu sita. Kichwa hichohicho, saa moja ya kusoma na hesabu, won elfu nne. Niliwahi kumuuliza karani wa ofisi ya kazi kwa nini saa ya kusoma ni ya bei ya chini. Akasema kusoma hakutumii gundi. Nikamwacha, maana alikuwa kijana wa watu na fomu zangu zilikuwa mezani kwake.

Kwa siku ni saa tano za karatasi na moja ya kusoma na hesabu, na kozi ni siku arobaini. Anayehudhuria siku thelathini na mbili amehitimu. Anapewa cheti, na mimi nalipwa fedha zake zote, kana kwamba hakukosa hata siku moja. Anayehudhuria thelathini na moja hajahitimu, wala hana cheti, na mimi nalipwa zile siku alizokuja tu. Halafu kuna sharti la mwisho: wakihitimu tisa kati ya kumi, napewa darasa jingine masika. Wakihitimu wanane, sipewi.

Wa kumi nilishampoteza wiki ya kwanza. Kijana mmoja alikuja kujifunza ili apate kazi, siku ya tatu akapata kazi kiwanda cha meli, akaenda. Serikali ikamwandika kwamba ameshindwa. Sina la kusema hapo. Nilibaki na tisa, na wote tisa nilikuwa nawahitaji.

Sharti hilo la mwisho nilimwambia Mwalimu Bang peke yake, binti anayefundisha ile saa ya kusoma na hesabu, maana kazi yake ilining'inia hapohapo na yangu. Wanafunzi sikuwaambia. Mtu anayehangaika kukata karatasi kwenye kona ya dari hana haja ya kubebeshwa kodi yangu ya pango.

Sasa, wale wanane. Mwezi wa tisa alikuja Mama Tak, mwanamke wa miaka sitini na mitatu mwenye sauti ya honi ya lori, kutoka kitongoji cha Solmae.

"Mwalimu, una nafasi ngapi?"

"Kumi."

"Nakuletea wanane kwa mkupuo mmoja. Wote wa kwetu. Tumechoka kupasua chaza kwenye maji ya barafu, vidole vimekufa. Jumamosi na Jumapili tutapasua, hatuna la kufanya, lakini siku tano za katikati ni zako."

Nilifurahi kama mtu aliyeokota ng'ombe. Sikubandika tangazo hata moja. Sikuwaza kwamba kozi itapita Novemba, na kwamba wanawake wanane wa kitongoji kimoja si wanafunzi wanane. Ni kikosi kimoja cha kutengeneza kimchi, achari ya kabichi na pilipili, ya kuliwa majira yote ya baridi. Leo wote wako kwa Mama Tak, kesho kutwa wote wako kwa jirani yake, mpaka nyumba zote nane zimezungukwa. Aliyekuja kwako lazima uende kwake. Hakuna kutuma mtu, hakuna kutuma pesa. Nimezaliwa huku, nimelelewa huku, na bado niliwaandikisha wote nikawapigia makofi.

Mama Tak ndiye aliyenipa ratiba, wiki ya kwanza ya Novemba, akiwa na mdomo umejaa viazi vitamu vya kuchoma.

"Nyumba nane, siku nane. Na kila mtu siku moja ya kutia chumvi kabichi zake. Jumla siku tisa hatupo. Tumekwambia mapema usije ukalalamika."

Nilikaa juu ya ndoo ya gundi.

"Mama Tak, mnaruhusiwa nane."

"Basi utatusamehe moja."

"Si mimi ninayesamehe. Ni mashine ile pale mlangoni. Usipogusisha kadi, hupo, hata ukiwa umesimama mbele yake unaimba."

"Kwa hiyo tunakosa cheti kwa ajili ya siku moja?" aliuliza Mama Pyo.

Huyu Mama Pyo nimweleze. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mdogo wa umbo, mpole, na ndiye aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote. Karatasi yake ilikaa ukutani kama ngozi. Mkandarasi wa maghorofa mapya kule mjini alikuwa anachukua wenye cheti tu, kwa won laki moja na nusu kwa siku, na Mama Pyo alishaanza kuwaambia watu atanunua kiti cha magurudumu cha mama mkwe wake kwa mshahara wa kwanza. Mama mkwe huyo alianguka chooni mwezi wa kumi akavunjika nyonga, na Mama Pyo akakosa siku tano kumuuguza. Nilipeleka karatasi za hospitali ofisi ya kazi. Karani akasema kuvunjika nyonga hakumo kwenye orodha. Angekufa, siku hizo zingesamehewa.

"Mwambie huyo kijana," alisema Mama Pyo siku ile, "mama mkwe wangu anamshukuru kwa ushauri, lakini hayuko tayari."

Kwa hiyo wengine walikuwa wamezidisha siku moja. Yeye, ukiweka na zile tano, alikuwa amezama kabisa.

Nilijaribu. Niliwaambia nyumba mbili ziungane siku moja. Lo! Ilikuwa afadhali ningewaambia wabadilishane waume.

"Niungane na huyu?" Mama Tak alimnyooshea jirani yake kijiti cha kiazi. "Anayetia sukari?"

"Natia peasi, si sukari. Na wewe unayetia dagaa wa chumvi mpaka paka wanahama?"

"Nunueni kabichi zilizokwisha kutiwa chumvi," nikasema. "Zinauzwa kwa maboksi."

Wote wanane wakanitazama. Kisha Mama Tak akaniuliza taratibu, kama anavyoulizwa mgonjwa: "Mwalimu, wewe unakula kimchi ya wapi?"

"Ya dukani. Tangu mke wangu afariki."

"Masikini," wakasema kwa pamoja, na mazungumzo yakahama hapo, yakawa juu yangu na friji yangu.

Aliyetuokoa ni Mwalimu Bang, na hakuwa na nia. Saa ya hesabu ya siku ileile alikuwa anafundisha kugawanya, na kwa kukosa mfano akachukua kanuni za mahudhurio. Alianza na thamani yao. Saa tano mara elfu sita, jumlisha elfu nne.

"Kila mmoja wenu kwa siku ni won elfu thelathini na nne," alisema.

"Mimi?" Mama Tak alisimama. "Binti yangu anamwosha mbwa wake kwa elfu arobaini!"

"Mbwa ana manyoya, dada," alisema Mama Pyo. "Wewe una saa."

Walicheka mpaka mwenye duka la mbolea akagonga dari yake kwa ufagio. Kisha Mwalimu Bang akaandika ubaoni: anayeondoka mapema, alimradi amekaa nusu ya siku, hahesabiwi amekosa. Kuondoka mapema mara tatu ndiko kunahesabiwa siku moja. Sasa, akauliza, mtu akiondoka mapema mara nane, amekosa siku ngapi?

Walichukua penseli. Mama Pyo ndiye aliyeinua kichwa wa kwanza.

"Mbili," alisema. "Na zile mbili za juu hazihesabiwi kitu."

Penseli zikawekwa chini. Kisha Mama Tak akasema: "Kwa hiyo tukija asubuhi, tukaondoka saa sita na nusu, tukafanya kimchi mchana, serikali inaona siku mbili badala ya nane?"

"Mimi nilikuwa nafundisha kugawanya tu," alisema Mwalimu Bang, akiwa mwekundu.

"Umefundisha vizuri sana, mwanangu."

Mama Pyo alikuwa bado anaandika. Tano za mama mkwe, moja ya kutia chumvi, mbili za kuondoka mapema. Nane. Alizungushia hiyo nane duara, akalifunga daftari. Kila mtu darasani alijua kwamba wengine wana nafasi ya kupumua, lakini Mama Pyo hana hata ya kupiga chafya.

Kulikuwa na tatizo moja. Kabichi themanini za nyumba moja hazimaliziki kwa mchana mmoja kabla ya giza, si kwa wanawake wanane ambao asubuhi walikuwa juu ya ngazi wakibandika dari. Kwa hiyo nikawa nafunga chuo saa kumi na nusu, napanda kigari changu kwenda Solmae kubeba. Sikuombwa. Niliona tu mapipa ya kabichi yatawavunja migongo, na mgonjwa hahudhurii darasa. Nilibeba mapipa, nikaosha mabeseni, nikachimba shimo la kufukia mitungi ya kimchi kwa Mama Pyo, ambaye mama mkwe wake bado hakubali friji. Nyumba nane, jioni nane. Kila jioni walinilisha nyama ya nguruwe ya moto iliyofungwa kwenye jani la kabichi, na pombe ya mchele nikaikataa kwa sababu ya gari, na kila jioni wakanitukana kwa kuikataa.

"Shika chini ya pipa, mwalimu, si kiunoni! Huchezi dansi na mtu!"

"Mwacheni, hajashika kiuno siku nyingi."

Mchana chuoni alibaki Bwana Kwak peke yake, yule mwanafunzi wa tisa, fundi mstaafu wa meli asiyesema sana. Alibandika ukuta uleule siku zote nane. Ukimwona sasa utadhani alizaliwa na brashi.

Nyumba ya nane ilikwisha siku ya Alhamisi. Niliangalia mashine ya mlangoni, nikaangalia tena. Wote tisa wako salama, Mama Pyo akiwa na nane zake kamili. Zilibaki siku sita. Jumatatu nikapita benki kuuliza habari za mkopo wa mashine mpya ya kupaka gundi. Hata kalenda ya masika nilishaianza.

Jumanne ofisi ya kazi wakaniita nipeleke orodha za vifaa. Nilirudi saa tisa mchana. Ukumbini alikuwa Bwana Kwak, mbele ya ukuta wake.

"Wenzako wako wapi?"

"Wameondoka saa sita na nusu."

"Wameondoka wapi? Kimchi zimekwisha! Nyumba ni nane!"

Bwana Kwak alilainisha karatasi kwa brashi, juu kwenda chini, bila haraka. "Mimi nilikuwa mtu wa injini, mwalimu. Mambo ya kabichi siyajui. Ila niliwasikia wakibishana kama geti la nyumbani kwako linafungwa."

Halifungwi. Linashikwa na kamba tu, miaka mitatu sasa.

Nilisikia sauti ya Mama Tak kabla sijazima gari. Uani kwangu walikuwa wanane, wamevaa aproni na glavu nyekundu, wamechutama kuzunguka turubai langu la kazi. Kabichi ishirini, zimetiwa chumvi jana yake jioni kwa Mama Tak, zinapakwa pilipili jani kwa jani. Sufuria la nyama lilikuwa linachemka kwenye jiko langu la gesi.

"Huyo amekuja!" alisema Mama Tak. "Fungua mdomo."

"Mnafanya nini?"

"Ulikuja kwetu mara nane. Ulitaka tukulipe kwa asante? Fungua mdomo, mkono unachoka."

"Mngengoja Jumamosi!"

"Jumamosi ni chaza."

"Mngengoja kozi iishe!"

"Redio imesema kesho usiku barafu. Kabichi ikiganda shambani ni chakula cha nguruwe. Wewe ni nguruwe?"

Nilikuwa namtafuta mtu mmoja tu. Alikuwa kwenye bomba, amenipa mgongo, anaosha figili. Nikamwendea.

"Mama Pyo. Umegusisha kadi?"

"Nimegusisha. Saa sita na dakika thelathini na moja."

"Unajua umefanya nini?"

"Tisa gawa kwa tatu ni tatu," alisema, bila kuacha kuosha. "Tano, na moja, na tatu. Tisa. Nilihesabu jana mara mbili."

"Ungebaki darasani! Wenzako saba wanatosha kwa kabichi ishirini. Ungekuja jioni!"

"Jioni nije kufanya nini? Kazi imekwisha, nije kula nyama?" Sasa aligeuka. "Mwalimu, ulichimba shimo langu kwa mikono yako, ardhi ikiwa ngumu vile. Wenzangu wako hapa wanakutengenezea chakula cha baridi nzima, na mimi niko kule nabandika dari ya mbao isiyo ya mtu? Mama mkwe wangu angenifukuza, kwa mguu wake huohuo mmoja mzima."

"Lakini cheti ni chako, Mama Pyo. Si changu."

"Kwani kinakwenda wapi?" Alinitazama kama mtu anayemtuliza mtoto. "Nitakipata masika. Si unafungua darasa jingine masika? Niandike wa kwanza. Nitakuwa nimeshajua kila kitu, nitakaa nyuma nikiwacheka wenzangu."

Mwalimu Bang, aliyeambiwa na Bwana Kwak, alikuwa amenifuata kwa baiskeli, amesimama getini anahema. Alisikia. Tulitazamana. Nilimwona amefungua mdomo, nikatikisa kichwa, akaufunga. Baadaye pembeni aliniambia kwamba kadi ni kadi tu, mtu anaweza kumgusishia Mama Pyo ya kutoka jioni hii, na ile ya saa sita na nusu ikaombewa kuwa hitilafu ya mashine. Nikamwambia namjua mwenye chuo aliyefanya hivyo. Sasa hivi anauza soksi.

Nikarudi kwa Mama Pyo.

"Nakuandika wa kwanza," nikasema.

"Basi chutama. Shika glavu. Umesimama kama nguzo ya umeme."

Nikachutama. Mama Tak akanitia kipande cha nyama mdomoni, kimefungwa na kabichi mbichi ya pilipili, kikubwa mno kwa mtu kuweza kusema lolote, na wakati ule lilikuwa jambo zuri. Naomba niseme ukweli: ilikuwa tamu. Mke wangu alikuwa anaweka figili nyingi vilevile, sijui nani aliwaambia.

Barua ilikuja Januari. Wamehitimu wanane kati ya kumi, darasa la masika halikuidhinishwa. Mama Tak na wenzake sita wako kwenye maghorofa, wanalipwa laki moja na nusu, na inasemekana msimamizi anawaogopa. Bwana Kwak amebandika nyumba yake yote, sasa anabandika ya mwanawe. Mwalimu Bang amepata vipindi viwili kwa wiki kituo cha wazee. Mimi nimerudi kwenye kubandika nyumba za watu, na msaidizi wangu ni Mama Pyo, kwa laki moja, kwa sababu hana cheti na mimi sina zaidi. Juzi juu ya ngazi ameniuliza darasa linaanza lini. Nimemwambia safari hii wamechelewesha. Itabidi nimwambie vizuri, lakini si akiwa juu ya ngazi.

Hesabu nimeifanya mwenyewe, kwa penseli. Darasa la masika: vichwa kumi, siku arobaini, elfu thelathini na nne kwa siku. Won milioni kumi na tatu na laki sita. Ongeza siku tisa za Mama Pyo ambazo sikulipwa, laki tatu na elfu sita. Gawa kwa kabichi ishirini.

Kabichi moja imenigharimu won laki sita, elfu tisini na tano, na mia tatu. Nimekwisha kula kumi na sita. Zimebaki nne.